Karavani Lenye Milango Miwili

Enzi zetu, mtoto wa Ifakara alikuwa na nyumba mbili hata kama baba yake hakuwa na baiskeli. Moja ilikuwa ya mjini, ya matofali na bati. Nyingine ilikuwa dungu la shambani, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji ya mafuriko yapite chini na nguruwe pori wasitukanyage tukiwa tumelala. Mvua za kwanza zikinyesha, mji ulihama. Watu walifunga sufuria, magodoro, kuku na watoto, wakateremka bondeni kulima mpunga, na wengi hawakurudi mpaka magunia yamejaa. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akiita majina asubuhi, akifika katikati ya daftari la mahudhurio anacheka mwenyewe, analifunga, anasema tutaendelea mpunga ukikomaa.

Sisi watoto tuliyapenda maisha ya shamba kuliko sikukuu. Kazi yetu ilikuwa kufukuza ndege, na kazi hiyo tuliifanya kwa kombeo, kwa makopo yaliyofungwa kamba, na kwa makelele ambayo mjini yangetuletea viboko. Mpunga ukianza kushika tulikula pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa ungali na moto, na mikono ikabaki inanukia mpaka kesho yake. Kulikuwa na samaki kitoga wa kuchoma, kulikuwa na togwa kwenye kibuyu, na mdomo mtu alikuwa anaufuta kwa mkono. Juzi nilimwonyesha mwanangu kombeo, akaligeuza geuza, akaniuliza linachajiwa wapi.

Kiongozi wa raha zote hizo alikuwa Bibi, mama yake mama. Yeye alikuwa na dungu lake, mimi na mdogo wangu Deo tulilala humo pamoja naye, na hadithi za bonde lile alizijua mpaka majina ya viboko wa mtoni. Lakini goti lake la kushoto likaanza kumsumbua, na ngazi ya dungu ikamshinda. Msimu mmoja ikabidi tumwache mjini kwa mama mdogo. Tuliporudi miezi mitano baadaye tulimkuta amekonda, amekaa kwenye kigoda ameelekea barabara ya kwenda bondeni, na hata salamu zetu alizipokea kwa sauti ya chini. Siku ileile mama alisema mwaka unaofuata Bibi haachwi, litokee litakalotokea, na Baba akaitikia kwa kichwa, lakini goti lilikuwa halijapona na dungu halikuwa limefupika.

Ndipo likaja karavani, nyumba ndogo ya bati yenye matairi, ya kuvutwa na gari. Wahandisi fulani wa barabara waliwahi kupiga kambi upande wa Sanje kabla sijazaliwa, wakaondoka wakaliacha, na mzee mmoja wa pale akaligeuza banda la mbuzi. Baba yangu alikuwa fundi seremala. Alimtengenezea mzee yule milango na madirisha ya nyumba nzima, naye akapewa lile karavani. Lilivutwa na trekta la jirani yetu likapita katikati ya mji polepole, matairi yamepasuka kama nyayo za mkulima, na siku hiyo shule ilibaki na mwalimu na ubao.

Ndani kulinuka mbuzi. Tulipokwisha kuosha kwa siku mbili, tukaanza kuona maajabu. Kulikuwa na masofa mawili yanayokunjuka kuwa kitanda, jiko la gesi lisilo na gesi, sinki lisilo na bomba, na kijichumba kimoja chembamba ambacho Baba alikifungua, akachungulia, akarudi nyuma. Kilikuwa choo.

"Choo, halafu hatua moja tu sufuria?" Mama aliuliza. "Hao watu walikuwa wanaishije?"

Choo kiling'olewa siku hiyohiyo kikawa ghala la mbegu. Lakini kitu kimoja Baba hakutaka kiguswe. Nyuma kabisa, chini ya dirisha pana, kulikuwa na meza ya ubao wenye uso laini wa fomaika nyeupe, iliyokunjwa ukutani, na ilikuwa inafunguka kwa kidole kimoja bila kulia. Baba aliifungua na kuifunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alituambia kwamba yeye, mtoto wa dungu, atakuwa anakaa hapo jioni na chai yake, anatazama mpunga wake kupitia kioo kama bwana mkubwa. Sijawahi kumwona mtu mzima akipenda meza namna ile.

Basi akatupiga marufuku. Wiki tatu nzima hakuna aliyeruhusiwa kuingia, hata mama. Tulisikia randa na nyundo, tukanusa mninga na gundi, na usiku alikuwa akija kula huku ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Mpango wote ulikuwa kichwani mwake. Alisema Bibi atalala kitanda ambacho hata mtoto anayetambaa anakipanda.

Jumatano moja akatuita. Trekta lingekuja kulivuta Jumamosi, na mawingu yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya Udzungwa. Kwanza tuliona ngazi mpya, vidato viwili vipana na mshikio wa kushikilia. Bibi akashika, akainua goti, goti likakubali, na mama akafumba macho kwa furaha. Ndani hapakuwa na inchi moja iliyopotea. Kushoto kitanda cha Baba na mama. Kulia, kikielekeana nacho, kitanda cha chini cha Bibi, na juu yake kichanja chetu mimi na Deo. Chini ya vitanda droo, ukutani ndoano, na sinki limewekewa mfuniko likawa kiti. Na kule nyuma meza ya fomaika iling'aa.

Bibi akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akapapasa shuka.

"Kazi nzuri," akasema. "Mungu ameibariki mikono ya baba Skola."

Kisha akashuka, akarudi kwenye kigoda chake. Baada ya kitambo akaniita.

"Skola, mwambie mama yako mwaka huu mimi nitabaki na kuku. Kuku hawawezi kuachwa peke yao."

Mimi nikashangaa, maana kuku wetu walikuwa wanakwenda shamba kila mwaka, na matenga yao yalikuwa tayari. Mama alipofikishiwa ujumbe akashika kichwa.

"Baba Skola, umemlaza mkwe wako hatua moja na kitanda chako."

Wenzangu wa rika langu hapa hawahitaji maelezo, lakini vijana inabidi niwaeleze. Enzi zile mama mkwe na mkwe wake wa kiume walikuwa na heshima yenye mipaka. Baba akimwona Bibi anakuja njiani, alipita pembeni kwenye majani na kusalimia akiwa amechuchumaa, macho chini. Hawakupeana mkono, hawakula pamoja, na kulala chumba kimoja kulikuwa aibu ya kufa. Hata kuzungumza walizungumza kupitia kwangu. Bibi anakaa uani, Baba yuko barazani, wanasikiana vizuri kabisa, halafu Bibi anasema, "Skola, mwambie baba yako chumvi imekwisha," na Baba anajibu, "Mwambie bibi yako nitaleta." Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja, na kazi hiyo niliianza kabla sijajua kusoma.

Mjini Bibi alikuwa na chumba chake cha nje, shambani alikuwa na dungu lake, kwa hiyo mipaka ilijilinda yenyewe. Baba alikuwa hajawahi kuifikiria. Alisimama pale kwenye ngazi yake nzuri, jasho linamtoka.

"Nilikuwa naangalia mbao tu," alisema.

Mama akapendekeza pazia. Baba akakataa kwa hasira ya mtu anayejikasirikia mwenyewe. Alisema heshima haiwezi kuning'inizwa mahali ambapo upepo unaweza kuifunua. Palihitajika ukuta, na ukuta bila mlango wake ni jela, kwa hiyo palihitajika na mlango. Akazunguka karavani na futi kamba, akapima huku, akapima kule. Kila alipopima, tairi au fremu ya chuma ilimkatalia. Pahali pekee palipokubali mlango palikuwa nyuma, penye lile dirisha pana na ile meza chini yake.

Aliifungua meza mara moja, akaifunga. Akachukua bisibisi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimwonea huruma, lakini sikumzuia kwa sababu nilimtaka Bibi kuliko nilivyoitaka meza yoyote duniani. Alhamisi yote na Ijumaa yote alikata bati la karavani kwa patasi na nyundo, na majirani walikuja mmoja mmoja kuuliza kwa nini fundi anaharibu kitu kizuri. Aliwajibu kwamba anatengeneza.

Katikati ya kazi akanipa uzi. Ngazi ya nyuma ilitakiwa iwe ya goti la Bibi, na yeye hakuweza kumpima mkwe wake. Nikaenda uani. Bibi alikuwa anachagua mchele. Nikajifanya nachezea uzi, nikaushusha kutoka gotini mpaka chini nikidhani sionekani. Bibi akaacha ungo, akanyoosha mguu vizuri, akaukaza uzi kwa vidole vyake.

"Mwambie fundi apime hili la kushoto," akasema. "Ndilo lenye matatizo."

Nilikimbia na uzi nimeushika kwa mikono miwili. Hata hivyo hakusema kama atakwenda, na mimi usiku huo usingizi ulinipita mbali.

Jumamosi trekta likaja, likafungwa kwenye karavani, likawa linanguruma. Vyombo vilikuwa vimepakiwa, kuku wamepakiwa. Baba akaenda mbele kabisa, akainama, akawa anakagua tairi la trekta ambalo halikuwa na tatizo lolote, ili Bibi apate nafasi ya kutazama bila kutazamwa. Bibi akazunguka nyuma kwa mwendo wake. Akaushika mlango wake mdogo, akaufungua, akapanda kidato kimoja, cha pili, akaingia, akaufunga. Dereva akaniangalia. Mama akawa anasokota ncha ya khanga yake. Tulisubiri kama tunaosubiri matokeo ya darasa la saba.

Halafu sauti ikatoka ndani.

"Skola. Lete kapu langu."

Deo alishangilia mpaka kuku wakaanza kupiga kelele. Baba hakuinua kichwa kutoka kwenye tairi, lakini niliona mabega yake yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Shambani karavani liliinuliwa juu ya magogo ya mkongo, na watu wa madungu ya jirani wakawa wanakuja kuliona. Kuku mmoja alilichagua sinki kuwa mahali pa kutagia, na mama akamwachia. Kitanda cha Bibi, pamoja na kichanja chetu mimi na Deo, kilikuwa kimehamishiwa kule nyuma ya ukuta mpya. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo mno, ukinyoosha miguu unagusa mbegu, na sijawahi kulala vizuri kama nilivyolala mle.

Mchana mmoja ikapiga mvua ya kufunga watu ndani. Bibi na sisi upande wetu, Baba na mama upande wao, mama anakoroga uji kwenye jiko la mkaa karibu na mlango wa mbele. Katikati yetu ulikuwa ule ukuta wa plaiwudi, na pale plaiwudi ilipoishia Baba alikuwa amemalizia kwa ubao wa ile meza yake, fomaika nyeupe ikiwa imeelekea kwa Bibi. Tone likaanza kudondoka kwenye mto. Bibi akaangalia juu, akaniangalia mimi, nikajiandaa kupokea ujumbe. Badala yake akagonga fomaika mara mbili kwa kifundo cha kidole.

"Baba Skola," akasema, "panavuja huku."

Upande wa pili mwiko ulisimama kwenye sufuria. Kisha sauti ya Baba, ya unyenyekevu kama mtoto aliyeitwa ubaoni:

"Naam, mama. Wapi hapo?"

"Kona ya mlango. Bati umelikunjia ndani, lilitakiwa likunjwe nje. Marehemu mume wangu alikuwa anaezeka hivyohivyo, nikamkataza."

Baba akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia Bibi akimchekesha Baba. Hawakuonana, kwa hiyo hapakuwa na kosa. Mvua ile ilinyesha mpaka alasiri, nao walizungumza mpaka alasiri: mbao zipi haziliwi na mchwa, samaki gani wa Malinyi ana mafuta, mama yangu alikuwa mtundu kiasi gani alipokuwa mdogo. Mama alipinga mara tatu, hakusikilizwa. Kuanzia siku hiyo walikuwa wakigonga tu. Nami nikawa nimefukuzwa kazi ya ukalimani, nikaumia kidogo, halafu nikaenda kufukuza ndege.

Leo mimi naishi Morogoro mjini, kwenye nyumba yenye vyumba vinne na ving'amuzi viwili. Karavani liliishia kutu, na Bibi tulimzika akiwa mzee wa kutosha. Mipaka ile ya heshima nayo imelegea. Mama akija kututembelea, yeye na mume wangu wanakaa kochi moja, bega kwa bega, kila mmoja na simu yake, hawasemezani saa nzima. Watoto wangu wakitaka chakula wananitumia ujumbe kutoka chumba cha pili. Hakuna ukuta unaowazuia, na hakuna neno linalopita. Siku nyingine natamani nimwite fundi anijengee ukuta sebuleni.

Lakini mwezi uliopita umeme ulikatika Jumapili mchana, mvua inanyesha, simu zote zimezima. Mama alikuwa amelala chumba cha wageni. Mume wangu alikuwa sebuleni, amekaa tu, hajui mikono aiweke wapi. Hadithi ya karavani nimemsimulia mpaka ameichoka. Mara tukasikia ukutani kifundo cha kidole, mara mbili.

Mume wangu akaniangalia, akajiweka sawa kwenye kiti, akaugeukia ukuta.

"Naam, mama," akasema.