Ngalawa ya Baba Wawili

Enzi zetu, siye watoto wa Msuka, msichana kushika usukani wa ngalawa halikuwa jambo la kutangazwa redioni. Lilikuwa jambo la kutumwa. "Mize, kalete mwani!" Na unakwenda, tena ukichelewa unapokewa na kofi la mgongo. Basi juzi nimekaa jikoni na chai yangu na mkate wa kumimina, nasikia kijana redioni, sauti tamu kama anauza halua, ati kwa mara ya kwanza katika historia mabinti wa Pemba watashindana kuendesha vyombo vya tanga, na mashindano yenyewe yatakuwa Msuka. Mara ya kwanza! Astaghfirullah! Chai ilinipalia. Mwanangu alikuja mbio na simu mkononi akidhani nimepatwa na kiharusi. Nikamwambia niondokee, mie mzima, aliyepatwa ni huyo redioni.

Nyie wa rika langu mnakumbuka tulivyokulia. Alfajiri chuoni kwa maalim, juzuu tumeifunga kwenye kitambaa, usingizi bado umo machoni. Kutoka hapo skuli, na tumboni hamna kitu ila muhogo wa nazi wa jana na chai ya mchaichai. Msimu wa karafuu skuli zikifungwa, mie napelekwa kwa mama mdogo, kijiji cha Ole, kuchambua karafuu, vidole vinawasha mpaka unaogopa kujikuna jicho. Jioni ni nage, kombolela na mdako, mpaka mama aite mara ya tatu, na ile ya tatu haikuwa na jina lako, ilikuwa na jina la fimbo. Watoto wa leo wanacheza mpira kwa kidole gumba kwenye kioo cha simu, halafu wanajinyoosha wanasema wamechoka. Mmechoka na nini, jamani?

Halafu ukaja mwani. Wanawake wa Msuka waliingia baharini na vigingi na kamba, wakapanda kama wanavyopanda muhogo shambani. Mama yangu alishirikiana na jirani yetu Bi Chumu, mama yake rafiki yangu Time. Kuta zetu zilikaribiana hata chumvi ikiisha kwetu mama hakutoka nje, alipiga kelele tu dirishani. Sasa mwani ukiwa mbichi ni mzito, na shamba liko mbali na ukingo. Wanaume wenye vyombo hawakutaka kuubeba. "Kazi ya wanawake hiyo, mie sibebi majani," walisema, na kucheka juu. Basi wale mama wawili wakauza bangili zao wakanunua ngalawa kuukuu, ya kwao wawili, hamna mwanamme aliyetia mkono. Tanga walilishona wenyewe kwa viroba vya unga na sindano ya kushonea mikeka. Maandishi ya kiroba kimoja yalikaa kichwa chini, na siye watoto tukiwa baharini tulipinda shingo kuyasoma.

Mabaharia tulikuwa mie na Time. Time alikuwa na mkono wa usukani. Upepo ukigeuka yeye keshajua, mie bado nashangaa. Kazi yangu ilikuwa kushika demani, ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, na kufua maji kwa kopo la maziwa, kwa sababu ngalawa ile ilivuja kama tenga. Alinitukana safari nzima. "Weye Mize, walala? Vuta!" Na mie nilivuta, na tulifika, na mwani wa mama zetu ulianikwa kabla ya jua kuchomoza vizuri.

Kisha vikaja vyama vingi. Nasema bila kumung'unya maneno: wazee wetu walitutia aibu. Baraza moja ya kahawa ikawa mbili. Duka la huyu wale hawanunui, duka la yule hawa hawapiti hata mbele yake. Mtu anakufa anazikwa na nusu ya mtaa, na nusu nyengine wamekaa majumbani kwao wanasikiliza redio, Waislamu wazima! Baba yangu na baba yake Time, Ami Faki, walikuwa wametahiriwa siku moja, wamelazwa jamvi moja. Huyu akaingia chama hiki, yule chama kile, na kuanzia hapo salamu ikakatika. Tukiulizwa siye watoto tulikuwa wapi, ilikuwa haramu kutaja nyumba ya pili.

Hilo tungelivumilia. Lakini ngalawa! Siku moja wanaume wale wawili walishuka pwani, kila mmoja na watu wake, wakaigawa. Naapa kwa Mungu, waliigawa. Ami Faki akachukua tanga na usukani. Baba akabaki na chombo chenyewe, mlingoti na demani. Kila mmoja alirudi nyumbani kifua mbele kama aliyeshinda kesi. Tanga likatupwa juu ya banda la kuku la Ami Faki, na ngalawa ikalala pwani inaingia kaa. Na wale walionunua kwa bangili zao? Hawakuulizwa hata neno. Walianza kubeba mwani mbichi kichwani, maji yanawafika kiunoni, matenga yanawachuruzikia usoni. Shingo ya mama ilivimba hata akawa hawezi kugeuka kumwangalia mtu, anageuka mwili mzima. Usiku nilimkanda kwa maji ya moto, na baba kitandani kwake anakohoa tu.

Ndipo akaja afisa wa serikali kutoka mjini, siye tukimwita Bwana Afisa, na kipaza sauti juu ya gari, akatangaza kwamba Idd pili kutakuwa na resi ya ngalawa ya wasichana pwani kwetu, na watakaoshinda watapewa tanga jipya la turubai. Tanga jipya! Time alinikuta kisimani, tukazungumza kila mmoja kaangalia ndoo yake, maana macho ya watu yalikuwa mengi.

"Tukilipata hilo, la banda la kuku wakae nalo," akasema. "Mama zetu wanapumzika."

"Na la kushindania tunalitoa wapi?"

"La kuku ntaliiba mie. Weye chombo u nacho."

"Na ami akijua?"

"Akijua nshashinda."

Asubuhi ya Idd pili, Ami Faki yuko barazani, Time alipanda banda la kuku akalitoa tanga likiwa na mavi ya kuku na manyoya. Kugeuka, mama yake huyo hapo mlangoni na kawa la kufunikia chakula mkononi. Time alinihadithia kwamba roho ilimtoka. Bi Chumu alimtazama, akatazama barazani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umesahau usukani."

Pwani ilikuwa imejaa. Watu wa baba kulia, watu wa Ami Faki kushoto, katikati kipande cha mchanga kitupu ambacho hamna aliyekikanyaga isipokuwa Bwana Afisa na kiti chake. Siye tulitokea nyuma ya mikoko, ngalawa nzima, mwili wake na tanga lake. Niliwaona baba zetu wote wawili wakisimama kwa pamoja. Lakini filimbi ilikuwa imeshalia.

Kwenda ilikuwa rahisi, upepo uko mgongoni, kila mtu hodari. Tulizunguka dumu jeupe lililofungwa nanga huko nje, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu kurudi upepo ulikuwa usoni. Wasichana wa vijiji vyengine wengine walishusha tanga wakapiga makasia. Time hakushusha. Alikwenda joshi, akiubana upepo mpaka ngalawa inalala ubavu, anageuza huku, anageuza kule, na mie nafua maji kwa mkono mmoja, demani iko menoni. "Legeza! Vuta! Weye, hiyo kamba au mchicha?" Mtandio wangu ulichukuliwa na upepo, nikabaki na kilemba cha kanga cha ndani. Maji ya chumvi yaliniingia mpaka masikioni. Na hakuna siku katika maisha yangu niliyokuwa na furaha kama ile, wala siku ya arusi yangu, mume wangu anisamehe.

Tulifika wa kwanza. Wa kwanza, tena peke yetu, wa pili akiwa bado yuko kwenye maji marefu. Pua ya ngalawa iliponasa mchangani watu walipiga vigelegele, wakaja mbio kulia na kushoto, na kile kipande kitupu kikajaa. Niliwaona watu waliokuwa hawazikani wameshikana mabega. Mama na Bi Chumu walikuwa wamekumbatiana, mama kageuka mwili mzima kwa sababu ya ile shingo.

Bwana Afisa akashika kipaza sauti. Angetuuliza majina yetu, mambo yangekuwa yameisha. Yeye akauliza, "Chombo hiki cha nani?"

"Changu!" Baba huyo.

"Chako wapi? Tanga langu hilo! Changu!" Ami Faki huyo.

Basi tena. Wale walioshikana mabega wakaachana. Huyu anasema tanga jipya likienda kwa fulani, chama fulani ndicho kilichoshinda. Yule anasema afadhali liungue moto. Mama yangu akapenya katikati, mkono shingoni, akasema kwa adabu zake zote, "Bwana mkubwa, chombo ni chetu siye, mie na Bi Chumu huyu. Na walioshinda ni watoto hawa." Bwana Afisa alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia ofisini. Jasho linamtoka. Akainua kipaza sauti, nayasikia maneno yake mpaka leo: "Ndugu wananchi, kwa ajili ya amani, naomba ieleweke kwamba leo hapa hapakufanyika mashindano."

Hapakufanyika! Nimeloa chapachapa, viganja vimechunika kwa kamba, napumua kama mbuzi wa kuchinja, naambiwa hapakufanyika! Time alisimama ndani ya maji, usukani ameukumbatia, akawa anauliza tu, "Tumefanya nini? Siye tumefanya nini?" Na ajabu ni kwamba katika mambo yote yaliyowashinda wazee wale kukubaliana, hilo walikubaliana, kulia na kushoto, kwamba hapakufanyika. Tanga jipya lilikunjwa likarudishwa garini. Baadaye nililiona kwa macho yangu mjini, nyumbani kwa Bwana Afisa, limetandazwa kufanyia gari kivuli. La viroba lilirudi bandani kwa kuku. Ngalawa ilioza pale pale, na mwisho mama mwenyewe aliichanja kuni. Alipikia siku nyingi. Shingo haikupona mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo hayo mashindano ya redioni nilikwenda, nilijitanda buibui langu jipya nikaenda Msuka na hasira zangu. Pwani ni ile ile. Mabinti wamevaa majaketi ya kuelea, kocha ana filimbi na miwani myeusi, vyombo vinameremeta, na kila msichana kabla ya kupanda ajipige picha kwanza, midomo mbele kama samaki changu aliyevuliwa. Mmoja alikuwa anaangalia upepo kwenye simu. Upepo unampeperusha mtandio, yeye anauangalia kwenye simu! Raya, binti yake Time, alikuwa miongoni mwao. Time mwenyewe nilimkuta amekaa mchangani, mikono ina makovu ya kamba za mwani, maana bado analima. Babake, Ami Faki, kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, macho hayaoni vizuri tena. Siku hizi watu wa pale wanazikana, alhamdulillahi.

Yule kijana wa sauti ya halua akaanza: "Kwa mara ya kwanza katika historia ya kisiwa hiki..."

"Muongo weye!"

Tuligeuka sote. Ami Faki alikuwa anajaribu kuinuka, kaegemea bakora. "Muongo! Si mara ya kwanza. Watoto wangu wawili walishinda hapa, Time na Mize. Idd pili. Ngalawa haikuwa yangu, wala haikuwa ya Kombo. Ilikuwa ya wake zetu. Tulisema uongo sote."

Kombo ni baba yangu. Nilitakiwa niseme ahsante, najua. Nilishindwa. Nilimwambia, "Sasa ndio wasema, ami? Baba yuko chini ya mchanga, mama yuko chini ya mchanga, sasa ndio wasema?" Mzee yule akanyoosha mkono akipapasa hewa, akanipata bega. "Nimechelewa, mwanangu," akasema. Time akalia. Mie nikalia kwa hasira, nikaubusu ule mkono wake, na bado nina hasira. Kijana wa redio akacheka kwenye kipaza sauti: "Mzee wetu amefurahi sana!" Akatia muziki. Jioni redio ikarudia yale yale ya mara ya kwanza, kama hamna aliyesema kitu.

Raya alitoka wa pili. Alikuja akajitupa mapajani kwa mama yake, analia kwa kwikwi, ati ameonewa, ati upepo ulimgeuka kwenye boya la mwisho. Enzi zetu angepewa la kulilia. Lakini nilimfuta machozi kwa ncha ya buibui langu, nikamwambia, lia mwanangu, kushindwa kunauma. Ila usiku ukilala, kumbuka kwamba wametaja jina lako mbele za watu, wakasema wa pili ni wewe. Mama yako alitoka wa kwanza, na mpaka leo anangoja kuambiwa.