Alivyobebwa Baba Yako Kwenda Njombe

Mwanangu Upendo, ipo siku moja ambayo hainitoki, na nataka uisikie kabla hujaondoka kwenda Makambako kuanza hiyo kazi yako. Mama yako ameniambia utakuwa unawasaidia walemavu na watu wao kupata matibabu ya serikali. Nimefurahi. Lakini furaha yenyewe imekuja na uzito, kwa sababu mtu wa kazi kama hiyo aliwahi kuingia katika nyumba hii. Wewe ulikuwa ungali mgongoni mwa mama yako, huwezi kukumbuka.

Baba yako Ezekia, kaka yangu, alikuwa mpasua mbao. Mti ulimwangukia msituni. Hakufa, ila kuanzia kiunoni kwenda chini mwili haukuwa wake tena. Hospitali walimlaza, wakamruhusu, tukamrudisha hapa kijijini Yakobi. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu wa hali ile lazima ageuzwe kitandani mara kwa mara. Baridi ya huku unaijua. Tulimfunika, tukamwekea jiko la mkaa karibu na mlango, tukaamini kwamba tunamtunza. Vidonda vikafunguka makalioni. Chumba kikaanza kunuka, na kaka akaanza kukataa wageni, hata mchungaji.

Ndipo akaja Mama Imani. Alitoka katika kituo kidogo pale Makambako kilichokuwa kinawafuata walemavu majumbani kwao. Mama wa makamo, mfupi, sauti ya chini. Aliingia akatusalimu kikwetu, "Kamwene," akaketi ukingoni mwa kitanda kana kwamba chumba hakinuki, akaongea na kaka habari za misitu na mbao kwa muda mrefu kabla ya kuomba kuona kidonda. Alipokwisha kukiona alitugeukia.

"Hivi vidonda vinatibika," alisema. "Na kwa hali yake hatakiwi kulipia, serikali ina msamaha kwa watu kama yeye. Ila msamaha haumfuati mtu nyumbani. Inabidi tukauombe."

Basi siku hiyo ninayokuambia tulimbeba kaka kwa machela ya miti hadi barabarani, mama yako akiwa amekubeba mgongoni, gari lililopakia viazi likatuchukua hadi Njombe, tukafika ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alikuwa kijana, na watu waliomsubiri walijaa baraza nzima. Mama Imani alipomweleza, alijibu bila kuinua macho kwamba muombaji lazima aonekane mbele yake.

"Yupo nje," Mama Imani akasema.

"Mleteni ndani."

Mwanangu, korido ya ofisi ile ilikuwa nyembamba na ilikuwa na kona. Ofisi ya kuwapokea walemavu, na machela haipiti. Tulijaribu kuiinamisha, kaka akaugua kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, tukamrudisha barazani tukamlaza sakafuni katikati ya watu. Watu wakasogea. Mama mmoja akajifunika pua kwa khanga. Kaka akafumba macho kama aliyelala.

Nilikuwa kijana, damu inachemka. Nikamwambia Mama Imani turudi nyumbani, heri kaka afie kwake kuliko kutazamwa namna ile.

Alinishika mkono. "Danieli, hasira yako ni ya haki. Lakini umemuuliza mwenyewe?"

Sikuwa nimemuuliza. Hakuna kati yetu aliyekuwa akimuuliza kitu kaka tangu siku ya mti. Tulikuwa tunamhamisha tu, kama meza. Mama Imani akapiga magoti sakafuni. "Ezekia, turudi au tuendelee?"

Kaka akafumbua macho. Akamtazama mama yako, akakutazama wewe. "Tuendelee," akasema.

Mama Imani akaingia tena ofisini. Nilimsikia kupitia mlangoni, hakupaza sauti hata kidogo. "Naomba utoke umsalimie. Si mbali. Ukishamwona, uamue unavyoona."

Afisa alitoka. Sijui kama alitoka kwa huruma au kwa aibu ya watu waliokuwa wanasikiliza. Alichuchumaa, akasema, "Pole, kaka," na kaka akampa mkono.

"Asante. Unisamehe kwa harufu," kaka alisema.

Yule kijana akainuka. Alirudi ndani, na haukupita muda tukapewa barua ya msamaha.

Kaka alilazwa. Vidonda vilisafishwa, mama yako akafundishwa kumgeuza na kumkagua ngozi. Dawa ilipokosekana dirishani hospitalini, sisi tuliambiwa hakuna tukaondoka, lakini Mama Imani alijua nani wa kuonwa na mlango gani wa kugongwa, na dawa ikapatikana. Kidonda kikakauka. Kaka akarudi nyumbani, akawa anakaa mlangoni juani akichonga mipini ya majembe, na wewe ukimpanda miguuni. Alikuwa anacheka, anasema una bahati kuwa na baba asiyechoka kukubeba.

Hicho ndicho kipindi kizuri, na kilikuwa kifupi.

Msamaha ule ulitakiwa kuombwa upya kila baada ya muda. Mama Imani ndiye aliyekuwa anakwenda. Sisi tulibaki nyumbani tukimngoja, tukimshukuru. Kisha wafadhili wa kituo wakaondoka, na kituo kikafungwa. Alikuja kuaga akilia, akasema huenda wengine watakuja. Hawakuja.

Majira ya baridi yaliyofuata kidonda kikafunguka tena. Nikaenda Njombe peke yangu. Yule afisa alikuwa amehamishwa. Aliyekuwepo hakunijua, wala mimi sikujua nimwambie nini zaidi ya kwamba kaka yangu anaumwa. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema nimlete mgonjwa aonekane.

Nilirudi na neno hilo. Safari hii nilimuuliza mwenyewe.

"Danieli," aliniambia, "nimeshatazamwa vya kutosha."

Mama yako alimpigia magoti. Nilimsihi hadi nikakosa maneno. Alikuwa mpole, hakutugombeza, lakini hakukubali. Alifariki kabla mahindi hayajakomaa. Wewe ulikuwa umeanza kutembea vizuri, ukawa unamtafuta pale mlangoni.

Usidhani mambo hayo yameisha. Juzi nilikwenda msibani Mlangali, nikakuta kwa jirani wa wafiwa mtoto amelazwa jikoni, mkubwa, miguu imekauka. Nikamuuliza mama yake kama wamefika ustawi wa jamii. Akasema walikuwa wanaambiwa warudi kesho, wakarudi na kurudi, mwisho wakaacha. Hakuwa hata na hasira. Alinikaribisha chai.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukiingia nyumbani kwa mtu, ongea naye yeye, usiongee na waliomzunguka. Kabla hujampeleka popote muulize kama anataka kwenda, na njiani muulize tena. Mwenye ofisi umuombe atoke yeye, asibebwe mgonjwa kuonyeshwa. Na huyu Mama Imani, ambaye nitamheshimu hadi nazikwa, jambo moja halikufanyika kati yake na sisi: njia yote alikuwa akiijua yeye. Nenda na ndugu wa mgonjwa, waingie ofisini pamoja nawe, waseme kwa mdomo wao, afisa azijue sura zao. Hata wewe kituo chako kitafungwa siku moja, au utaolewa mbali, au utachoka.

Sikudanganyi kwamba ukifanya hayo yote watapona. Wengi utawapoteza. Utagonga, na mlango hautafunguliwa, na mtu atakufa akiwa na haki yake yote. Sina neno la kukufariji juu ya hilo. Nimelitafuta miaka mingi sijalipata.

Nenda, binti wa Ezekia. Mungu akupe miguu isiyochoka na ulimi wa upole. Wanaokungoja wakukute ungali na moyo, na ukirudi jioni umelemewa, awepo wa kukupokea. Amina.