Mtumbwi Uliojaza Tangi

Mwaka 1976 nchi moja rafiki ya huko kaskazini, ambako nasikia jua huja kwa mwaliko, iliiletea shule yetu zawadi ya mtumbwi usiohitaji maji. Tulikuwa maili kumi nje ya mji wa Shinyanga, mahali ambapo hata vyura huulizana njia. Nadhani wafadhili walitazama ramani, wakaona ziwa liko kidole kimoja tu kutoka kwetu, wakaridhika.

Ndani ya sanduku mlikuwa na reli mbili za chuma, kiti chenye magurudumu, mpini, gurudumu zito kama jiwe la kusagia, saa ya kupimia muda, na picha ya Mzungu anayevuta huku anatabasamu. Picha ilipigwa kabla hajaanza. Ukivuta mpini, kiti kinarudi nyuma, gurudumu linazunguka, na kidude fulani kinahesabu mizunguko. Ikitimia elfu moja, saa inasimamishwa. Umefika. Umefika wapi, shauri yako.

Wasukuma wa bwenini wakauita Bwato, yaani mtumbwi kwa lugha yao. Kila mtu alijaribu mara moja. Aliyerudi mara ya pili alikuwa Ignas Mageni wa kidato cha tatu, mtoto wa wakulima wa Ushirombo, mrefu kama mlango wa kanisa, ambaye maji mengi aliyowahi kuingia ni yale ya ubatizo. Siku ya kwanza alitumia dakika nane na sekunde hamsini, kisha akatapika michembe yote ya mchana, vile viazi vikavu vya kuchemsha. Kesho yake akaketi tena. Mimi nilikuwa mshika saa wake, kazi niliyoipenda kwa kuwa ndiyo pekee shuleni iliyofanyika kivulini.

Mkuu wa shule, Mwalimu Telesphori, alikuwa mtu wa Kujitegemea kuanzia kofia hadi katambuga. Alikuja kututazama wiki nzima, mikono nyuma.

"Huyu kijana anazalisha nini?" akaniuliza.

"Jasho, Mwalimu."

Nililima robo eka ya pamba kwa jibu hilo. Nilipomaliza, fundi baiskeli mmoja wa mtaa wa Kambarage alikuwa ameshatoboa ukuta wa chumba cha Bwato, akapitisha mnyororo, akaufunga Bwato kwenye pampu ya kisima iliyokuwa nje. Nati moja tu ndiyo iliyoviunganisha. Asubuhi Ignas alivuta na pampu, tangi likajaa kwa watu mia tatu. Jioni mimi nilifungua nati kwa spana, akauvuta mwepesi kwa ajili ya saa.

Kabla ya hapo kila mwanafunzi alibeba ndoo mbili kwa siku kutoka lamboni, maili mbili kwenda, maili mbili kurudi. Sasa ndoo zilikauka zikapata kutu. Tulimpenda Ignas kama watu wanavyompenda punda wao. Nyama ya Jumamosi tulimpunguzia kutoka sahani zetu.

Na muda wake ukashuka. Nane na kumi. Saba na arobaini. Saba na kumi na tano. Kuvuta na pampu kulimjenga mgongo, na kadiri mgongo ulivyojengeka ndivyo maji yalivyopata kazi mpya. Kwanza bustani ya mchicha. "Kijana anaimarika," akasema Mwalimu Telesphori. "Tuongeze nguruwe."

Jioni tulimtania. "Leo umefika wapi, nahodha?"

"Ukerewe."

"Wanakula nini huko?"

"Samaki. Nimewaletea miiba."

Kisha ikaja barua. Mwanza kulikuwa na kambi ya timu ya kupiga kasia, na mwanafunzi yeyote atakayemaliza chini ya dakika saba angehamishiwa shule ya huko huko. Ignas aliisoma akiwa amekaa kwenye kile kiti, kinamrudisha nyuma na mbele polepole.

"Nikibaki hapa," akaniambia, "cheti changu kitaandikwa Pampu."

Jioni ya Jumanne alivuta dakika sita na sekunde hamsini na sita. Nilimwonyesha saa. Hakuruka wala hakucheka. Alisema tu, "Nimetoka."

Mwalimu wa kambi, Ndugu Eustace, tulimtarajia Jumatano jioni, aje kumwona akivuta. Akafika asubuhi, ana haraka ya kwenda Bukombe, na mnyororo uko kwenye pampu. Ignas alikuwa ofisini anapimwa urefu na uzito. Akanipitishia neno dirishani: "Kafungue nati, ndugu yangu."

Nilipita nyuma ya jiko. Clemens, kiranja wa maji, alikuwa anakunywa uji.

"Ndoo zako unazo bado?"

"Ninazo."

"Zioshe. Akienda huyu, lambo linatuita."

Mama Anisia, mpishi, akamgeukia na mwiko. "Mwacheni mtoto wa watu akaone ziwa. Kwani nyie hamna shingo?"

Nikafika kisimani. Nikaweka spana kwenye nati. Nikaifikiria ile njia ya miiba, mpini wa ndoo unavyokata vidole, jua la saa nane. Ningependa kuwaambia kwamba niliitwa mapema. Muda ulitosha kufungua nati tatu. Niliirudisha spana mfukoni, nikaenda kushika saa.

Alijua kwa mvuto wa kwanza. Akanitazama mara moja, kisha hakunitazama tena. Angesema nini, na Mwalimu Telesphori amesimama mlangoni, mtu asiyependa pampu yake iguswe kabla ya jioni? Alivuta. Reli zikalia, shati likamgandama, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za kengele. Nje maji yakaanza kugonga mdomo wa tangi, halafu yakamwagika. Halikuwahi kumwagika hata siku moja. Wasichana wa jikoni wakakimbia na masufuria.

Dakika saba na sekunde nne.

"Pole, kijana," akasema Ndugu Eustace. "Mwili unao, ila una mvuto mzito." Akatoka, akanawa mikono chini ya tangi. "Mmebahatika maji hapa," akamwambia Mwalimu Telesphori, akapanda Landrova.

Ignas hakunisema kwa mtu. Alivuta mwaka mmoja na nusu uliobaki, asubuhi tu. Jioni hakuja tena. Mtu akimwuliza amefika wapi, alijibu, "Hapa."

Mwaka 1983 nilipita Nyarugusu kwenye machimbo ya dhahabu, nikiwa na shughuli zangu zisizo na cheti. Kwenye mdomo wa duara moja, yaani shimo la wachimbaji, palikuwa na gogo lenye vishikio viwili, kamba imezungushwa, na mtu mrefu anavuta maji ili wenzake waweze kuchimba chini. Mgongo ule niliutambua kabla ya uso.

"Mshika saa," akasema bila kusimama.

"Nahodha."

"Ile spana unayo?"

Ninayo mpaka leo. Nikaitoa mfukoni. Akaitazama, akatema mate pembeni.

"Hapa haifai. Hakuna nati, ni kamba tupu." Akasogea kando kidogo. "Shika huko."

Nikashika kishikio cha pili. Ndoo ikapanda, akaimwaga, akairudisha shimoni. Tulivuta hadi jua likaegemea, na hakuna aliyehesabu.