Mtoto Aliyepeleka Isale

Ndege ya kwanza ilitushusha uwanja wa Kilimanjaro asubuhi, na ya pili, ya kutupeleka Dar es Salaam, ilikuwa ya jioni. Ndiyo safari niliyoipata. Tulikuwa tunatoka Mwanza kuanua matanga ya mume wangu, mimi na wanangu wawili: binti wa darasa la tatu na mdogo wake wa kiume, ambaye viatu alikuwa bado anavigeuza, cha kushoto mguu wa kulia. Kukaa kutwa kwenye viti vya chuma na mtoto wa namna ile ni adhabu, na sikuona nimekosa nini. Nikatafuta teksi, nikamwambia dereva atupeleke Moshi tukatembee.

Kuna jambo lilikuwa linanikosesha usingizi, na bora niliseme mapema. Tangu baba yake afariki, binti yangu hakuwa amelitamka neno baba. Hakulia msibani, hakulia kaburini. Alikula, alifanya hesabu zake za shule, alimfunga mdogo wake vifungo vya shati, na ukimtajia marehemu alikutazama mpaka unaona aibu wewe. Shangazi zake wa Mwanza walisema mtoto amefunga moyo, na kilio kisichotoka humgeukia mtu kikawa maradhi. Nikawajia juu, nikawaambia wasimwekee mwanangu uganga. Lakini tukilala nilikuwa nasikiliza anavyopumua.

Dereva wetu alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Moshi mjini, kofia ya kufuma kichwani. Kabla hatujafika barabara kuu alikuwa ameshatueleza kwamba babu yake alitoka Pangani na bibi yake alikuwa Mpare, na kwamba yeye mwenyewe milimani hupanda kwa ajili ya abiria tu. Alituzungusha mjini vizuri. Tuliona mnara wa saa, tukala aiskrimu, mwanangu akaimwaga yake kwenye gauni la dada yake, wakagombana, nikawafokea wote wawili kwa haki sawa.

"Mlima uko wapi?" mdogo akauliza.

Dereva akaonyesha wingu. "Upo hapo hapo."

"Nani ameufunika?"

Nilicheka, ila moyoni nilikereka. Mlima mkubwa kuliko yote Afrika, na mgeni anaonyeshwa wingu! Nililalamika kana kwamba dereva ndiye aliyeuficha. Ndipo akasema twende Uru, kuna maporomoko ya maji, watoto watafurahi, na huko juu pengine anga itafunguka. Muda ulikuwepo tele. Tukapita Rau, tukaanza kupanda.

Barabara ilipofika mahali ambapo gari haliwezi tena, tuliteremka tukafuata njia ya miguu, dereva mbele, mimi nimemshika mdogo, binti yangu nyuma. Kushoto na kulia ilikuwa migomba, na chini ya migomba kahawa. Nyumba zilikuwepo, maana tuliona moshi, ila hatukuiona hata moja. Kando ya njia maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji mwembamba kwa kasi, bila kelele nyingi. Mipaka ya kila shamba ilikuwa imepandwa mmea mmoja tu, shina jembamba na majani marefu ya kijani yenye ncha. Dereva akatuambia Wachagga wanauita isale. Kwetu Tanga tunaupanda mbele ya ofisi uwe pambo, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Ukungu ulishuka ghafla. Sijui kama ulishuka au tuliuingia sisi. Mara dereva aliyekuwa hatua chache mbele yangu nikawa namjua kwa kikohozi tu. Nilisikia mtu anakata majani ya ng'ombe karibu kabisa, panga linapiga, linapumzika, linapiga. Nikapiga hodi. Panga likanyamaza, na hodi yangu haikujibiwa.

"Mama," mwanangu akasema, "wale watu wamesimama tu."

"Watu gani? Hiyo ni migomba."

"Siyo migomba. Wale wa nyuma yake."

Nilitazama. Niliona migomba. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, lakini nilimwinua mtoto nikambeba, mikono ikaanza kuniuma mara moja. Nikamwambia dereva turudi, maporomoko tutayaona siku nyingine. Akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Tukageuka, na nadhani hapo ndipo tulipokosea njia, maana mfereji uliokuwa kulia ulipaswa sasa uwe kushoto, nao ulikuwa bado kulia.

"Mmechelewa," sauti ikasema.

Tulikuwa tumeingia uwanjani kwa mtu bila kujua. Ulikuwa uwanja uliofagiliwa, una nyumba ya bati, jiko la nje linafuka moshi, na kaburi la vigae vyeupe pembeni, karibu na mlango kama ilivyo desturi ya huko. Kwenye kigoda alikaa bibi mmoja, sweta juu ya kitenge, mabuti ya mvua miguuni. Mbele yake palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka sufuria la ndizi na sahani zimefunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Samahani, tumepotea. Sisi ni wageni."

"Marahaba. Mgeni gani anapotea kwao?" Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama binti yangu. "Njoo, mae, binti. Njoo nikuone."

Binti yangu si mtoto wa kumwendea mtu asiyemjua. Hata shangazi zake aliwasalimia kwa mbali. Lakini alikwenda. Nilipomtazama vizuri nikaona kwamba huko njiani alikuwa amechuma jani la isale, akalikunja katikati na kulipiga fundo, kama watoto wanavyofanya na jani lolote. Alipofika mbele ya bibi alipiga goti kidogo akampa lile jani kwa mikono miwili, maana ndivyo nilivyomfundisha kumpa mtu mzima kitu.

Nilimsikia dereva anavuta pumzi. "Dada, nani kamfundisha mtoto hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Huku ukimpelekea mtu isale umemwomba msamaha. Hata kama ulimwulia ng'ombe, hata kama ulimwulia mtu, hawezi kulikataa." Alinong'ona, na mimi nikaanza kusema kwamba mtoto amecheza tu, hajui chochote. Akanishika kiwiko.

Bibi alikuwa ameliweka jani mapajani. Alilitazama muda mrefu.

"Nilimwambia mwanangu asikanyage hapa bila isale," akasema. "Alipouza kipande cha kihamba cha baba yake, shamba la kurithi, shamba lenye makaburi, nilimwambia hivyo. Akaondoka na mke wake, tumbo kubwa. Nikasema ataleta. Mtu hawezi kukaa milele bila kuleta." Akampapasa binti yangu uso, shavu moja, kisha la pili, kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Kumbe kamtuma mtoto. Mwoga yule, toka zamani. Sawa. Nimelipokea. Yamekwisha. Hakuna deni kwangu wala kwa waliolala hapa."

Nilifungua kinywa. Nilitaka kumwambia, mama, huyu ni wangu, baba yake ni Msukuma, hajawahi kufika Moshi. Naapa nilitaka. Ila bibi alikuwa anatabasamu, na kumpokonya mtu tabasamu la namna ile kunahitaji roho ambayo sikuwa nayo. Nikajiambia nitasema baada ya kula.

"Na baba yako?" akamwuliza. "Amejificha kwenye gari? Mwambie ashuke. Chakula kinapoa."

Panga lililokuwa linakata majani lilikuwa halijaanza tena.

"Baba alikufa," binti yangu akasema.

Lile neno, nililolingoja miezi mizima, alikuwa amelitoa kwa mtu asiyemjua, katika ukungu, kwa sauti yake ya kawaida ya kujibu swali darasani.

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza, "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Niambie."

Akamwambia. Na mimi, mama yake, nilisimama na mtoto mwingine begani nikasikia kifo cha mume wangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa najua kwamba alifia nyumbani, baada ya hospitali kumruhusu, na kwamba niliamka kwenye mkeka kando ya kitanda nikamkuta ameshaondoka. Nilikuwa naamini watoto walikuwa chumbani kwao wamelala. Kumbe alfajiri ile binti yangu aliamka kwenda msalani, akasikia baba yake anapumua vibaya, akaingia. Baba akamwambia aketi. Akamwomba maji, binti akamnywesha kwa kijiko. Miguu ilikuwa ya baridi, akaifunika.

"Nikataka kumwamsha mama," akasema, akinionyesha kwa kidevu bila kugeuka. "Baba akasema nisimwamshe, hajalala siku nyingi. Akasema tumwache kidogo. Halafu akanishika mkono. Halafu akauachia. Nikarudi kitandani."

"Ukarudi kitandani," bibi akasema.

"Mama alikuwa bado amelala."

Ndipo bibi akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile kikitoka kwenye kifua kidogo vile. Alimvuta binti yangu, akamfunika na sweta lake, na mle ndani ya sweta nikasikia sauti ya pili inaanza, nyembamba, ya kukwama kwama, na nikaijua. Binti yangu alikuwa analia. Nilitaka kwenda kumchukua, nikamwacha.

Na watu wakaja. Walitoka kwenye migomba, kila upande, wanawake kwanza, kisha wanaume, mmoja ana panga lenye majani mabichi. Walikuwa karibu muda wote huo. Waliingia uwanjani bila haraka, wanawake wakaketi chini kuzunguka kigoda, wakaanza kulia pamoja naye. Nimekwenda misiba mingi. Kilio kikipigwa, kila anayekuja huuliza jambo moja: nani? Nilingoja mtu aulize. Walikuja na kuja, nikatazama uso baada ya uso, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa.

Mama mmoja wa makamo alikuja kusimama karibu nami, akilia pole pole, akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Jamani, kuna makosa hapa," nikamwambia. "Sisi tunapita tu. Mtoto amesema habari za baba yake mwenyewe."

"Najua," akasema. "Mwanawe bibi alifukiwa mgodini. Hata mwili hatukuupata, hapakuwa na cha kuleta nyumbani kuzika. Mke akarudi kwao. Bibi alikuwa ameapa hataki kusikia jina lake mpaka isale lije, na kila siku anampikia. Nani angemwambia? Padri alishindwa. Sisi wenyewe tumekuwa tukikata majani tu na kumtazama." Akanishika mkono, kwa nguvu. "Usiseme kitu, dada. Nakuomba. Acha alie."

Nikamtazama dereva. Alikuwa amevua kofia. Mwanangu mdogo, aliyekuwa begani kwangu, akaninong'oneza sikioni, "Si nilikwambia wamesimama?"

Nilikaa chini na wanawake wale, na kwa kuwa walikuwa wanalia, nami nikalia, na sikujali tena ni msiba wa nani. Walipoanza kuimba nyimbo za kanisa kwa Kichagga, binti yangu alikuwa bado ndani ya sweta. Baadaye bibi alimtoa mwenyewe, akamfuta kamasi kwa kiganja, akampa ndizi kwenye sahani. Alikula yote. Bibi akamwambia, "Aika," yaani asante, "umenipa mwanangu." Mimi hakunitazama hata mara moja. Mpaka leo sijui kama aliamini, au aliamua kuamini.

Yule mwenye panga alitusindikiza mpaka kwenye gari. Ukungu ulibaki nyuma yetu pale pale ulipoanzia, na chini yake kulikuwa na jua kali, watoto wa shule na pikipiki za matunda. Dereva hakutupigia hadithi tena. Nilikaa kiti cha nyuma na binti yangu. Macho yalikuwa yamemvimba, na alikuwa na usingizi, lakini alikuwa anapigana nao.

Tulipokuwa tunakaribia uwanja wa ndege akaniuliza, "Mama, nilitakiwa nikuamshe?"

Nilitaka kumjibu papo hapo kwamba hapana. Nilikuwa nimekasirika. Niseme ukweli, nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe, aliyepewa saa ile nami nikiwa pale pale sakafuni. Saa ile ilikuwa yangu. Nilitazama nje dirishani mpaka hasira ilipopita, na haikupita yote.

"Hapana," nikasema. "Ulimtii baba."

Alinitazama kuona kama ni kweli. Kisha akaniwekea mkono wake kwenye kiganja, nikaushika, na sikujua ni kwa nguvu kiasi gani mpaka aliponiambia namuumiza.