Baba Zetu wa Besiboli

Mwaka wa pili wa korona, walipotufungia sisi wa magharibi ya Sydney na helikopta ya polisi ikawa inazunguka juu ya Mount Druitt kama mtu anayetafuta kuku wake, nilitangaza shindano kwenye blogu yangu. Ghalani ninakofanya kazi tulikuwa tumepunguziwa zamu, na mimi ni mtu wa kuzurura; ukinifungia ndani siku tatu naanza kupekua masanduku. Ndani ya Biblia niliyoachiwa na bibi nikazikuta kadi sita za besiboli, kingo zimelika, rangi zimechujuka. Nikazipanga mezani, nikazipiga picha, nikaandika: wasomaji wangu, nisimulieni kumbukumbu moja ya utotoni. Nitapiga kura, na washindi sita kila mmoja atapata kadi yake kwa posta.

Maoni yakamiminika. Nilikuwa nimekaa wiki nyingi bila mtu wa kuongea naye zaidi ya mwanangu, ambaye namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, kwa hiyo nilifurahi kupita kiasi. Siku ya pili mwanamke mmoja wa Guildford, mtaa mwingine wa hapa Sydney, akaandika: "Kaka, huyo mwenye sharubu na kofia nyekundu usimpe mtu. Huyo ni baba yangu."

Mkenya mmoja akamrukia hapo hapo: "Wah! Babako ni staa wa Amerika na bado unafagia wodi na sisi?" Wengine wakacheka chini yake, mstari baada ya mstari. Mimi sikucheka. Nilifunga kompyuta nikaenda kusimama uani.

Kama hukukulia kambini kule Kigoma, ngoja nikueleze. Tulikimbia Burundi bila picha. Mtu alibeba sufuria, alibeba mtoto, alibeba nusu ya godoro. Picha nani angeikumbuka? Wengi tulifika bila baba, na baada ya miaka miwili nyuso zao zilianza kututoka kichwani. Nilikuwa naikumbuka sauti ya wangu, na kikohozi chake, lakini uso ulikuwa hauji. Ndipo kanisa moja la ng'ambo likaleta maboksi ya madaftari na soksi, na humo ndani zikawemo pakiti za kadi. Wanaume wenye kofia, wameshika marungu, wanatabasamu. Mwalimu akatueleza kwamba ni wachezaji wa mchezo fulani wa Marekani. Tukaitikia, ndiyo mwalimu. Kisha tukatoka nje na kila mtoto akaanza kumtafuta baba yake.

Wazungu walikuwa wengi na weusi wachache, ikawa vita. Mmoja wetu alichelewa akabaki na baba Mzungu mwenye nywele nyekundu, tukamcheka, "Baba yako ameiva!" mpaka akalia. Lakini asubuhi iliyofuata alimwamkia kama sisi tulivyowaamkia wa kwetu: shikamoo, baba. Wangu nilimpelekea bibi. Alimgeuza kwenye mwanga wa mlango wa turubai, vidole vyake vikinuka moshi na dengu, akamtazama muda mrefu. "Masikio ni ya mwanangu," akasema. Sijui kama aliyaona kweli au alinihurumia.

Mwenye sharubu aliangukia kwa binti wa jirani. Mama yake, yaani jirani yetu, alikuwa mwanamke mrefu aliyetwanga mahindi ya njano kila alasiri, na sisi tulijua saa kwa mlio wa kinu chake. Siku binti alipomwonyesha ile kadi, mlio ulikatika. Uliporudi, ulirudi polepole.

Sasa, tulikuwa na mchezo. Unalaza kadi yako chini, mwenzako anaipiga kwa yake. Ikigeuka, ni mali yake. Mimi nilibandika kadi mbili kwa uji wa mgao, nikazikausha juani zikawa nzito kama kigae. Nilishinda watoto wengi kwa kadi hiyo. Nikamshinda na binti wa jirani, mbele ya wote.

"Nipe baba," nikamwambia.

Akanipa. Hakulia. Ilipofika saa ya kula akaja kusimama mlangoni kwetu.

"Naomba nimwone."

"Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu."

"Basi baba yako amelala."

Kesho yake alikuja na maharage kwenye kifuniko cha kopo. Nikayala, nikamshikia kadi mbele ya macho kwa muda ule tu niliokuwa natafuna. Ikawa desturi, karibu kila siku, majira yote ya mvua. Maharage yao yalikuwa na chumvi kuliko yetu. Hilo nalikumbuka vizuri mno.

Bibi alipogundua hakunichapa. Alisema, "Chakula cha machozi hakishibishi," akaniamuru nikairudishe. Nilizunguka nyuma ya vyoo, nikakaa kidogo, nikarudi nayo mfukoni.

"Umemrudishia?"

"Nimemrudishia, bibi."

Wiki hiyo hiyo malori yaliwachukua jirani na binti yake kwenda kambi nyingine.

Basi pale Mount Druitt, mtu mzima na mvi zangu, nilimwandikia yule mwanamke faraghani: "Hongera dada, kura imekuangukia. Nitumie anwani." Hata leo nikiusoma ujumbe huo nasikia joto masikioni.

Alijibu upesi, anwani kwanza, kisha: "Mtu hashindi baba yake, kaka. Mama amefariki juzi hospitalini, hii korona. Tunamzika keshokutwa asubuhi, watu kumi tu. Nataka alale na mume wake. Posta haitawahi."

Kibali changu cha kutoka kilikuwa cha kwenda ghalani na kurudi. Guildford haikuwemo. Nikaweka kadi kwenye bahasha, nikawasha gari. Barabarani walikuwepo polisi na wanajeshi, na nilipowaona wale wa sare nilipunguza mwendo, nikaificha bahasha chini ya kiti. Hakuna aliyenisimamisha.

Niliiweka bahasha juu ya sanduku la barua, nikarudi nyuma hatua nne. Alitoka amevaa barakoa. Nilimjua kwa mwendo. Ulikuwa mwendo wa mama yake. Akaifungua, akaishika kadi kwa mikono miwili.

"Ni wewe uliyekuwa unakula maharage," akasema bila kuinua macho.

"Ni mimi, dada. Na ile kadi niliibandika kwa uji. Hukushindwa."

"Tulijua. Ilikuwa inanuka." Akacheka kidogo, kicheko kikafa. "Halafu maharage hayakuwa yangu. Mimi nilikula yangu yote. Yalikuwa ya mama. Alikuwa ananitengea ya kwake, ananiambia peleka, kamwone baba yako, ukirudi unisimulie."

"Usimulie nini?"

"Kama amekonda."

Nikamwomba nije makaburini, nisimame hata mbali. Akatikisa kichwa. Watu kumi walikuwa wametimia. Akaniambia asante kwa kuja, kwa adabu ile ya kwetu inayofunga mlango, akaingia ndani.

Shindano nimelifuta, na mnaoendelea kuniuliza mshindi ni nani, hakuna. Kambi yenyewe nasikia imerudi kuwa pori, na bibi yuko huko chini ya nyasi. Hata nyuso zenyewe zimekwisha: nikijaribu leo kumkumbuka baba, anayekuja ni yule wa kadi, na mwenye kikohozi simpati tena. Miaka yote hiyo nilijiandalia maneno ya kumwomba radhi mtoto mwenzangu, na yalikuwa maneno mazuri. Kumbe aliyelala njaa alikuwa mama mtu, mzima, akijua ninachofanya, na kesho yake akanitengea tena.