Kata ya Kalisti Ukutani mwa Kanisa

Jumatatu asubuhi, Kalisti Mushi anaingia katika jumba la sanaa jijini Washington akiwa na brashi tatu na uso wa mtu aliyeteuliwa kumsimamia bwana harusi. Mlinzi anakagua kibali chake. Kalisti anakunjua kiti, anaketi mbele ya picha ya wavuna ngano wa Uingereza wakipumzika kando ya mkokoteni, kisha anaamkia.

"Shikamoo, mzee Thorley."

Mzee Thorley, mchoraji wa picha hiyo, hajibu. Ana udhuru: alifariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Siku nyingine Kalisti, mzaliwa wa Marangu, hupaka rangi nyumba za watu huko Lanham, Maryland. "Wamarekani wana rangi elfu dukani, halafu wanachagua nyeupe," anasema. "Hapa ndipo ninapopumzisha macho."

Elkanah Thorley naye alianza kwa kupaka rangi milango na mabango ya vilabu vya pombe. Baadaye akawachora majirani zake, na kila aliyekaa kuchorwa alilipwa kikombe cha bia. Ndiyo maana katika picha kila mtu ana kikombe, na kila mtu anatabasamu.

Mwaka 2006 Kalisti alianza kuinakili kwa ajili ya ukumbi wa kanisa lao, Takoma Park. Ilikuwa zawadi iliyomchukua miezi minane, na kitu cha kwanza alichochora ambacho watu wangekitazama. Ilipokaribia kwisha, mzee wa kanisa, Cheruiyot, Mkenya asiyecheza na pombe hata ya kuchorwa, alikunja uso.

"Kalisti, ndugu yangu, hii ni kanisa, si baa. Toa hiyo pombe ama picha irudi kwa gereji yako."

Kalisti akafuta vikombe vyote. Wavunaji wakabaki wameshika hewa, kama watu wanaoomba lifti. Bila kufikiri, mkono wake ukawapa chombo ulichokizoea tangu utotoni: kata, kibuyu chenye mpini mrefu.

Jumapili, mbele ya washarika, Cheruiyot akasogea hadi pua ikakaribia kugusa turubai.

"Sasa hapa wanakunywa nini?"

"Uji, mzee."

Nyuma yake alisimama Mama Honorata, mwenyekiti wa akina mama, Mchaga wa Rombo. Akaitazama kata. Akamtazama Kalisti. Uchagani hakuna asiyeijua kata hiyo, na haikutengenezwa kwa uji: ni ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

"Nilikufa nikiwa nimesimama," Kalisti anakumbuka.

"Eti Mama Honorata," Cheruiyot akageuka, "huu ni uji kweli?"

Mama akakohoa kidogo. "Una ulezi, mzee. Naujua vizuri."

"Basi ipigiliwe ukutani. Hata mimi imenitia njaa."

Picha ingali pale, juu ya meza ya chai. Hapa kwenye jumba la sanaa Kalisti anakuja kujifunza nyuso tu, maana sasa anataka kuwachora washarika wenyewe, kama Thorley alivyowachora majirani. Wa kwanza kukubali ni Mama Honorata.

"Amesema atakaa bila kutikisika, ila malipo yawe yale yale ya Thorley," anasema Kalisti, akifuta brashi. "Halafu akaniuliza kama gazeti lenu linasomwa na Wakenya."