Kikombe Alichojaza Kendi

Saa kumi na mbili jioni, mtaa wa Muaither, Doha, nchini Qatar. Kendi, mhudumu kutoka Kenya, ameshika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto, vikombe vidogo kwa wa kulia. Mbele yake ameketi bibi mwenye nyumba, yuleyule aliyemlalamikia mwezi uliopita. Mlangoni amesimama msimamizi wake. Muda wa majaribio unaisha leo. Akiharibu tena, atarudishwa Meru, na mwanawe Owen yuko kidato cha pili, anategemea karo yake.



Siku ile ya lalamiko alimjazia bibi kikombe pomoni. Bibi alikitazama, akakiweka chini, akaondoka ukumbini. Huku kikombe kilichojaa humwambia mtu anywe aende zake, na bibi alikuwa nyumbani kwake mwenyewe.

Kosa hilo Kendi alifundishwa. Alipofika Doha alimfuata Peninah, wa kwao, anayesali naye kanisani Mesaimeer kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku. Peninah anahudumu hotelini, mcheshi ajabu. Kahawa ya Waarabu hajawahi kuimimina hata siku moja.

“Aliniambia, ‘Wewe jaza tu, nusu kikombe ni uchoyo.’ Na kwetu si ni hivyo? Sikuona haja ya kuuliza mwingine,” anasema Kendi.

Mwingine alikuwepo. Hadijah, Mganda, amehudumu katika nyumba za Waqatari miaka kumi na moja, na yeye na Kendi wanaishi jengo moja mtaa wa Najma.

“Nilimkwepa. Hacheki, si wa kwetu, si wa kanisa letu. Nilidhani anaringa.”

Inaudhi, lakini wengi wetu humchagua mwalimu hivyohivyo: yule anayetuchangamkia.

Baada ya lalamiko Kendi alimwendea Hadijah akilia. Hakupewa pole. “Tia maji kwenye dele. Mimina. Rudia,” aliambiwa, jioni baada ya jioni. Peninah naye akanuna. “Siku hizi sisi hatufai?” alimuuliza baada ya ibada.

Ukumbini, bibi ananyoosha mkono. Kendi anamimina kidogo tu, robo kikombe. Bibi anakunywa, anakirudisha kiongezwe. Anaongezewa. Kisha anakitikisa kushoto kulia, ishara kwamba ametosheka, na kugeuka kuzungumza na wageni wake. Msimamizi anaitikia kwa kichwa.

Jikoni Kendi anaegemea ukuta, machozi yanamtoka. Ameponea chupuchupu.

Wiki ijayo wanakuja wasichana wengine kutoka Kenya, na watalala chumbani mwake.

“Watanifuata mimi, kwa sababu ni wa kwao na ninacheka nao. Hiyo ndiyo inaniogopesha,” anasema. “Siku ya kwanza nawapeleka kwa Hadijah. Wakitaka wanune.”